Shajara ya njia ya iliki (tulianza kwa kufyeka korongo tukidhani ndo njia)

5 Julai

Naanza kuandika leo leo maana nikisema ntaandika baadae najijua. Tuko watu saba, hakuna mtaalamu hata mmoja, wawili wanaendesha bodaboda, mmoja anauza vocha na maandazi, waliobaki ni wakulima na mimi ambaye nimerudi nyumbani toka Tanga mjini nikakuta sina la kufanya Jumamosi. Kazi yenyewe ni hii: kuna njia ya zamani ya miguu inatoka juu karibu na mashamba ya chai, inaingia msituni, inashuka mpaka kwenye kijito kinachokwenda kumwaga Mto Zigi. Usambara Mashariki, upande wa Amani. Kwa GPS ya simu ni kama kilomita 4 na nusu, lakini humo ndani chini ya miti GPS nayo inaota ndoto, saa ingine inakuonesha umesimama mtoni.

Zamani njia hii ilikuwa ya iliki. Watu walikuwa wanalima iliki humu humu ndani chini ya miti mikubwa, wanavuna, wanashuka nayo kichwani. Baadae hifadhi ikatangazwa rasmi (1997), kilimo ndani ya msitu kikakoma, bodaboda nazo zikaja na barabara ya kuzunguka, basi hakuna mtu alokuwa na sababu ya kupita tena. Ndani ya miaka ishirini na kitu njia imekufa. Kwa bwana misitu tumeshapita, ruhusa tumepewa kwa masharti matatu: hakuna kukata mti mbichi, hakuna moto, na hakuna kuchimba kitu bila kumuonesha kwanza.

Leo tumefyeka mita 180. Mapanga manne, fyekeo mbili, tupa moja ya kunolea ambayo tayari imezozaniwa.

12 Julai

Mita 140. Njia imekuwa rahisi ajabu, imezama kabisa kama mtaro, kingo mbili juu na katikati umetembea, huwezi kupotea hata ukitaka. Mwinuko ni mkali sana lakini, kuna sehemu tulikuwa tunashika mizizi. Nikajisemea wazee wetu walikuwa na mapafu, kubeba gunia la iliki humu si mchezo.

Siafu wametupitia saa nne. Watu wazima saba wamevua suruali msituni bila kuulizana.

19 Julai

Leo ni siku ya aibu kwa hiyo naiandika vizuri.

Tulikuwa tumemuomba babu mmoja wa pale kijijini aje aone kazi. Ana miaka yake themanini kasoro, alipita njia hii toka akiwa mdogo nyuma ya mama yake. Amekuja na fimbo, tumemsalimia shikamoo zetu, akaitikia, akasimama pale tulipoanzia, akatazama mita 320 zetu tulizofyeka kwa jasho, kimya. Halafu akauliza, "Hapa mnamtengenezea nani, watu au maji?"

Tukacheka tukidhani utani. Kumbe tumefyeka korongo. Yaani ile "njia" iliyozama vizuri ni mahali pa magogo yaliyokuwa yanaburuzwa enzi za kupasua mbao, kabla uvunaji haujasimamishwa miaka ya 80 mwishoni, na maji yakaona ni mtelemko mzuri yakaendelea kuchimba. Njia yenyewe ya watu ilikuwa juu yake mita kama 15 hivi, inakwenda taratibu ubavuni mwa mlima. Babu alisema kitu ambacho sasa ivi nakiona ni cha wazi kabisa lakini sikukiwaza: mtu aliyebeba mzigo kichwani hapandi wima. Anazunguka. Ukiona njia inapanda wima ujue iliyoichora si miguu.

Tukamuuliza sasa tutaijuaje maana kule juu ni kichaka kitupu, hakuna alama. Akasema tafuteni masale.

20 Julai

Jumapili, hatufanyi kazi, lakini nimeshindwa kukaa nikaenda na dogo mmoja tu. Tumeyaona. Sale la kwanza lilikuwa limebanwa na kichaka, la pili mita 30 mbele, halafu mawili pamoja pale ambapo njia inapinda. Kwa wasiojua, huku kwetu na Upareni mpaka Uchagani masale yanapandwa mpakani, hayafi kirahisi, ukikata linachipua. Mtu aliyapanda haya pembeni ya njia kwa makusudi na sasa yeye hayupo, njia haipo, masale yapo yamesimama tu kwenye mstari.

Kati ya sale la tatu na la nne kuna mashina ya iliki yaliyojiotea. Dogo alisugua kitunda akaninusisha. Basi pale nikajua hatujapotea.

26 Julai

Tumeanza upya. Nimeambiwa nisiandike nani alitaka kuacha mradi, kwa hiyo siandiki, ila walikuwa watatu na mmoja wao ni mimi.

Kazi ya kutafuta mstari tumeifanya kwa fremu A. Hii wakulima wa milimani wanaijua, miti mitatu imefungwa kama herufi A, kamba yenye jiwe inaning'inia katikati, unapima usawa wa ardhi bila mashine yoyote. Ukitaka kontua (mstari usiopanda wala kushuka) unafuata alama ya katikati, sisi tunataka njia ipande kidogo, kwa hiyo tumeweka alama ya pembeni. Sheria tuliyojiwekea ni kwamba kwa kila mita 10 unazotembea usipande zaidi ya mita 1, ikizidi hapo miguu inachimba na maji yanamalizia.

Mama mmoja alopita kutafuta kuni kavu alituona na fremu akasema ah, mmerudisha matuta ya mkoloni. Watu wazima huku bado wanakumbuka hadithi za Usambara Magharibi miaka ya 1950, watu wanalazimishwa kuchimba matuta kwa amri, wakayachukia mpaka wakayageuza kuwa siasa. Nikamwambia mama sisi hatulazimishwi, tunajilazimisha wenyewe. Akasema hiyo ndo mbaya zaidi.

2 Agosti

Mita 90 tu. Sio kufyeka sasa, ni kuchimba. Unakata ubavu wa mlima kwa sururu upate kitanda cha kutembelea chenye upana wa kama mita moja, na udongo uliochimba usiuache ukingoni upande wa bondeni, maana ukiuacha unafanya kingo na njia inakuwa mtaro tena. Udongo unatupwa chini kabisa, mbali. Na kitanda chenyewe kisilale sawa kama sakafu, kiiname kidogo kuelekea bondeni, sentimita 5 hivi kwa mita moja, maji yakianguka yavuke yaende zake. Mwenzetu wa bodaboda hakuamini, anasema njia ikiinama watu watateleza waende na bondeni. Tukamwagia ndoo mbili za maji juu ya kipande kilichoinama na ndoo mbili kwenye kilicholala sawa. Kwenye kile cha pili maji yalikaa, yakajikusanya, yakaanza kutembea kufuata njia. Hajabisha tena.

Chakula: bada (ugali wa muhogo) na dagaa. Haijawahi kuwa tamu hivi.

9 Agosti

Nataka kusema kuhusu kufyeka maana hapa ndo tulikuwa wajinga zaidi.

Mwezi wa kwanza wa kazi tulikuwa tunafyeka kwa sifa, upana wa mita tatu, barabara ya harusi. Leo tumerudi kwenye kile kipande cha kwanza (cha korongo) na tumekuta kimejaa miche ya Clidemia, kile kichaka chenye majani yenye mistari na vinywele, vitunda vyeusi vya bluu ambavyo watoto wanakula ulimi unakuwa kama wamekunywa wino. Asili yake si hapa, ni Amerika kwenye joto huko, na humu msituni kinakua hata kwenye kivuli, sasa wewe ukikipa na mwanga umekitengenezea sherehe. Ndege wanakula tunda, wanakwenda kunya mbele, kesho kipo na huko.

Kwa hiyo sasa tunafyeka upana wa mtu na begi lake, basi. Matawi ya juu hatugusi kabisa. Kivuli ndo fundi wetu wa bure, kinazuia magugu wiki nzima wakati sisi hatupo. Clidemia tunaing'oa na mizizi, kabla haijazaa, tunaitundika juu ya matawi ikauke, maana ukiilaza kwenye udongo mbichi inashika tena.

Aisee kung'oa ni kazi ya mgongo.

16 Agosti

Mvua. Hatujaenda. Huku mvua inanyesha miezi yote, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, unaambiwa kiangazi halafu unalowa.

23 Agosti

Jumla sasa mita 610 za njia ya kweli. Tumefika kwenye mtambara ulioanguka. Gogo lenyewe likilala ni urefu wa kifua changu, limekaa katikati ya njia kama mlango. Mjadala wa saa nzima. Kulikata kwa msumeno wa mkono ni siku mbili. Kulizunguka ni rahisi lakini juu kuna mwamba na chini kuna mtelemko, na ukishaanzisha njia ya kuzunguka kila mtu anaanzisha ya kwake, baada ya mwaka una njia tano na zote mbovu. Mwisho tukamuita bwana misitu akaja mwenyewe akaangalia, akaruhusu tuchonge ngazi mbili upande huu na mbili upande ule, mtu apande ashuke. Gogo libaki, kuna vitu vingi vinaishi humo. Alikuwa anamuonesha dogo kinyonga kwenye tawi la juu yake, yule dume mwenye pembe tatu. Jina lake la kisayansi limechukuliwa Derema, hapa hapa jirani. Alafu akatuambia kuna jamii nzima ya vinyonga wataalamu wameiita Kinyongia, yaani wamechukua neno letu wakaliwekea mkia. Dogo alifurahi kuliko alivyofurahi siku tumelipwa posho. (Hatujawahi kulipwa posho.)

Yule wa maandazi hakusogea hata hatua moja karibu na kinyonga, anasema kwao ni nuksi.

6 Septemba

Kipande cha mita 200 chenye udongo mwekundu unaoteleza, hapa tumeanza makinga maji. Tumepanga mawe kukata njia, ili maji yakija yakute ukuta yatoke nje. Tumeweka manne.

Pia tumeweka ngazi kumi na moja za magogo pale kwenye mwinuko, magogo ya Maesopsis yaliyoanguka, tumepewa ruhusa tutumie kadri tunavyotaka maana mti huu ndo mgeni mwenyewe anayelalamikiwa. Uliletwa na Wajerumani pale kwenye bustani yao ya mimea ya Amani, ile waliyoanzisha 1902, kwao asilia ni Bukoba na Uganda na Kongo huko. Msitu ulipokatwa magogo mianya ikabaki wazi, Maesopsis ikaingia kwa mbio. Hondohondo wanazipenda sana mbegu zake, wanazimeza huku wanazitema kule. Basi tukaona tumempata adui na matumizi.

20 Septemba

Mwenzetu mmoja kaja na kiroba cha vipandikizi vya gwatemala. Wazo lake zuri tu, Lushoto kote kingo za makinga maji zimeshikwa na majani ya gwatemala, udongo haushuki. Bwana misitu alipokiona kile kiroba alikishika yeye mwenyewe akakirudisha juu mpaka barabarani. Hakugomba. Alisema tu, "Humu kila mgeni aliletwa na mtu mwenye nia nzuri."

Kingo tumezishika kwa mawe na mizizi iliyopo. Polepole zaidi. Mita 45.

4 Oktoba

Jumla kilomita 1.4. Nusu ya muda sasa ni maneno. Mtu anapiga sururu tatu anaanza hadithi. Siwalaumu, kuna kipande njia imetoka kwenye kichaka ghafla na unaona mpaka tambarare ya Muheza, na siku ikiwa safi mstari wa bahari. Tulikaa pale. Mbega walikuwa wanapita juu mmoja mmoja kama wanahesabiwa.

Msambu mmoja mkubwa uko pembeni ya hapo, matunda yake ni makubwa kama mkate wa mviringo, yanaanguka kwa kishindo, tumekubaliana hakuna mtu kulala usingizi chini yake. Mbegu zake zinakamuliwa mafuta yanayoganda, watu huku wanaziokota na kuuza. Panya buku nao wanaokota, wanazifukia, wanasahau walipofukia, na msambu unaota. Ndo wakulima wenyewe hao.

18 Oktoba

Vuli imekuja na nguvu. Imenyesha usiku mbili mfululizo, leo tumekwenda kuangalia tu, hatukubeba hata jembe.

Habari mbaya kwanza. Makinga maji yote manne yamekufa. Tulikuwa tumeyapanga yamekata njia moja kwa moja, sawasawa na msalaba, kwa hiyo maji yalipofika yaligonga, yakasimama, yakaacha matope yake, mpaka nyuma ya mawe pakajaa, halafu yakapita juu kama hatukuweka kitu. Moja limechimbwa kwa chini mpaka mawe yamebingirika.

Habari nzuri: kile kitanda kilichoinama, chote, kipo. Mita 600 na zaidi bila kovu. Nimetembea nacho mvua inanyesha nikiwa nimefungua mdomo kama mtoto. Maji yanatoka mlimani, yanakatiza njia, yanakwenda bondeni, hayana hata muda na sisi.

Na lile korongo tulilolifyeka mwezi wa saba? Lilikuwa mto. Mto kabisa, mwekundu, unanguruma. Nilisimama pale juu nikawaza tungelimaliza, tukaweka na kibao chetu cha "Karibu".

1 Novemba

Tumepanga makinga maji upya kwa ulalo, kama nyuzi 45, upande wa bondeni ukiwa chini, na mdomo wake tumeuchimba mpaka nje ya njia kabisa, usiishie ukingoni. Sasa maji yakigonga yanateleza yanatoka na matope yake. Na kwenye mwinuko mkali tumeyasogeza karibu karibu, kila hatua nane au kumi, kwenye mwinuko mdogo yako mbali. Kama kuna mtu anasoma hii na ana njia yake kwao, hapa ndo asome mara mbili, mengine yote unaweza kukosea ukarekebisha.

Korongo nalo tumeliwekea vizuizi vya magogo na matawi makavu sehemu tano, si kwa ajili ya kutembea, kwa ajili ya kupunguza kasi udongo usiende wote Zigi. Maji ya Zigi ndo yanakwenda bwawa la Mabayani, ndo wanakunywa Tanga mjini. Shangazi yangu anakaa Chumbageni, analalamika maji yakiwa na rangi, nikamtumia picha ya korongo nikamwandikia shangazi hii ndo chai yako.

15 Novemba

Zile ngazi kumi na moja za Maesopsis zimeanza kuota uyoga. Mbili ukikanyaga zinabonyea. Miezi miwili! Tuliambiwa mbao yake haidumu ikigusa ardhi mbichi, tukasikia, tukaweka. Tunabadilisha kwa mawe, moja moja, kila jiwe linataka watu watatu na mtaimbo. Vidole viwili vimevimba (si vyangu).

29 Novemba

Babu amekuja tena. Safari hii tulimuomba atembee nayo yote iliyokamilika, kilomita 1.9, tukamwandalia kiti cha kupumzikia katikati, hakukikalia. Alikuwa anatembea na kugusa masale kwa fimbo, tap, moja moja, bila kusema. Pale penye iliki alisimama akasema hapa mama alikuwa anatua mzigo. Kuna jiwe bapa, sisi tulikuwa tumelipita mara hamsini tunaliwekea vyombo vya chai.

Halafu akakosoa. Kona ya pili tumeibana sana, mwenye mzigo hawezi kugeuka. Na amesema kuna kijinjia cha pembeni cha kwenda kwenye chemchem ambacho hatujakiona, nacho kilikuwa na masale yake.

13 Desemba

Kona ya pili tumeipanua. Chemchem tumeiona, sale moja tu limebaki, kuna maua ya dughudughu... sijui naandikaje, yale madogo ya zambarau yanayoota kwenye mwamba wenye kivuli, yale ambayo duniani kote yamejaa kwenye vyungu madirishani. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku, Saint Paul-Illaire, ndo aliyeyapeleka kwao, 1892, na jina wakayapa la kwake. Tumekubaliana kijinjia hiki hatukifyeki na hakiingii kwenye ramani. Babu anakijua na sisi saba tunakijua.

Hali ilivyo leo: kilomita 2.1 zinatembeka, 2.4 bado, na kati ya hizo kuna kijito cha kuvuka ambacho sijui tunakifanyaje, daraja la magogo nimeshakataa kwa sababu za uyoga, nafikiria mawe makubwa ya kukanyagia, lakini masika yakija yatabaki? Tumesimama mpaka baada ya sikukuu. Januari wa kwanza kufika aje na mtaimbo, na yule aliyeondoka na tupa airudishe, tunamjua.